Kwa nini usiku wangu unafanana na video ya harusi?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa filamu, niko Tanga. Natengeneza filamu fupi ya dakika nane, tunarekodi kwa simu. Mama mmoja anamsubiri mwanawe aliyekwenda kuvua. Ni usiku, umeme umekatika, na jirani anakuja na habari kwamba kijana amezama. Mara ya kwanza tuliwasha taa zote za nyumba, pamoja na taa ndogo ya ledi tuliyoifunga juu ya simu. Wenzangu walipotazama wakacheka, wakasema inafanana na video ya harusi. Mara ya pili tukazima kila kitu tukabaki na chemli. Yakaonekana macho na meno tu, na picha ikajaa chenga. Nimesoma mahali kwamba mwanga ukitoka chini ni woga, bluu ni huzuni, nyekundu ni hatari. Je, niweke bluu? Na sisi wenye ngozi nyeusi tunamulikwaje usiku bila kupotea?

Jibu: Marahaba, dada. Swali lako limenichekesha, halafu likanirudisha mbali, maana kabla sijagusa kamera ya filamu nilikuwa mshika taa wa harusi hapa Dar es Salaam. Kila Jumamosi nilimfuata mpiga video ukumbini nikiwa nimeinua taa ya wati 1,000 juu ya bega lake, waya unaburuzika nyuma yangu, mashangazi wa bibi harusi wamejikinga macho kwa mikoba. Agizo lilikuwa moja: kivuli kisionekane usoni mwa mtu. Na lilikuwa agizo sahihi. Video ya harusi ni daftari la mahudhurio. Wenye shughuli wanataka kuona nani alikuja, alivaa sare gani, alitunza shilingi ngapi. Mwanga wake unatangaza kwamba hapa hakuna la kufichwa, tazameni wote.

Wewe umeuchukua mwanga huohuo ukampelekea mama asiyejua mwanawe yuko wapi. Wenzako walicheka kwa sababu macho yao yalikaribishwa shughulini wakati masikio yao yanasikia msiba unabisha hodi.

Kilichotokea usoni mwa yule mama ni hiki. Taa ikikaa karibu na lenzi, kila kivuli inachokitoa kinaangukia nyuma ya kitu, mahali ambapo kamera haifiki. Kivuli cha pua kipo, ila kimejificha nyuma ya pua yenyewe. Kilichobaki mbele ni uso bapa kama picha ya kitambulisho. Jaribu leo usiku: weka chungwa mezani, zima taa, shika tochi kando ya jicho lako. Utaona duara. Peleka tochi ubavuni mwa chungwa, duara linageuka tufe, na vile vitundu vya ganda vinajitokeza kimoja kimoja. Endelea mpaka nyuma ya chungwa, sasa una mwezi mwandamo. Chungwa ni lilelile na tochi ni ileile, kilichohama ni mkono wako. Ndiyo maana mafundi wa taa tukiingia chumbani huuliza kwanza mwanga unatoka wapi. Ukali wake tunauangalia baadaye, na rangi huwa tunaifikia mwisho kabisa. Wanaoanza wengi huanzia kwenye rangi, na wewe umeulizia bluu kabla hujaniambia dirisha la chumba liko upande gani.

Kuna jambo la pili, nalo ni ugumu na ulaini wa mwanga. Watu hudhani mwanga mgumu ni ule mkali. Sivyo. Mwanga ni mgumu chanzo kinapoonekana kidogo kutoka pale alipo anayemulikwa, na ni laini chanzo kinapoonekana kikubwa. Jua ni kubwa kupita kiasi lakini liko mbali, kwa hiyo machoni petu ni sarafu, na vivuli vya saa saba mchana vinakatwa kama kwa wembe. Mawingu yakitanda, mbingu nzima imekuwa taa, vivuli vinayeyuka. Chandarua cheupe kikikunjwa mara mbili na kutandazwa mbele ya taa kinafanya kazi hiyohiyo ya mawingu. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kukodi kitambaa maalumu.

Mara ya pili ulipozima kila kitu ulikaribia sana, ila uamuzi uliiachia simu. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepiga picha ya keki ya siku ya kuzaliwa. Ikiona giza inadhani umekosea, inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, ili ikusaidie, na hizo chenga ulizoziona ndiyo bei ya msaada huo. Tumia programu ya video inayokuruhusu kupanga mwenyewe kwa mkono, ufunge kila kitu: ISO, kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga), na mizani ya weupe (rangi ambayo simu inaihesabu kuwa nyeupe). Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo shata ikiwa 1/50 ya sekunde na picha 25 kwa sekunde, balbu za nyumbani hazitapepesa kwenye video. Simu ikishafungwa haiwezi tena kukuamulia.

Tena giza la sinema halipatikani kwa kuzima taa. Jicho linalijua giza kwa kulilinganisha na kitu kinachowaka. Fremu isiyo na kitu kinachowaka ni skrini iliyozimwa, na mtazamaji badala ya kuogopa ataangalia kama betri imeisha. Weka kitu kimoja kinachong'aa ndani ya picha, hata kiwe kidogo kama mwali wa chemli, na giza linalokizunguka litapata kina mara moja. Ndipo utakapoanza kuligawa: huku liwe zito, kule lipungue, pale pabaki kaukingo tu ka bega.

Sasa hiyo kamusi uliyoisoma, ya woga, huzuni na hatari. Itupe. Nasema hivi nikijua kuna walimu wenzangu wanaoifundisha, na watanisamehe.

Chukua mwanga wa chini. Ni kweli unatisha kwenye filamu za mashetani, kwa sababu tumezoea jua kutoka juu, na kivuli cha pua kikipanda kwenye paji la uso, sura inageuka ngeni. Lakini mkumbuke bibi yako ameinama mbele ya mafiga anapuliza moto, au watu wameuzunguka moto usiku na mmoja anasema "Paukwa!" Nuru yote inatoka chini. Nani aliogopa? Mwanga uleule kwetu ni uji na hadithi. Na bluu je? Mwanga wa mwezi ni wa jua ulioakisiwa, kwa asili yake si wa bluu. Ubluu ule ni desturi ya zamani: enzi za filamu zisizo na sauti, kurekodi usiku kulikuwa kazi ngumu, basi walirekodi mchana kisha wakaitia filamu yenyewe rangi ya bluu ili watu waelewe kwamba ni usiku, na rangi ya kaharabu kwa vyumba vyenye taa. Watazamaji wakazoea. Ni makubaliano, kama yale ya king'ora kuwa gari la wagonjwa linapita.

Kuhusu huzuni, mfano ninaoupenda ni wa Msenegali Ousmane Sembène, filamu yake ya mwaka 1966, La Noire de... Msichana wa Dakar, Diouana, anapelekwa na waajiri wake Wafaransa mpaka Antibes, pwani ya kusini ya Ufaransa, akidhani atalea watoto na kuitembelea nchi. Anajikuta anafua na kupika ndani ya nyumba ya ghorofani asimotoka. Kuta ni nyeupe, picha ni za rangi nyeusi na nyeupe, mwanga umejaa tele. Ingefuatwa ile kamusi, nyumba hiyo ingekuwa na furaha kuliko zote. Kumbe weupe wote ule unamkaba. Hana kona ya kujificha, na ngozi yake dhidi ya ukuta ule inasema kila dakika kwamba yeye si wa hapa. Kinyago cha Kiafrika alichowapa kama zawadi kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mtupu, kama yeye. Ukiitazama hutauliza tena rangi ya huzuni.

Basi maana inatoka wapi? Inatoka kwenye jirani ya ule mwanga: kilichoonyeshwa kabla yake, kilicho upande wa pili wa mlango. Na kwa kuwa umetaja harusi, tuingie kwenye harusi moja mashuhuri.

The Godfather, ya Francis Ford Coppola, ilitoka mwaka 1972, na mpiga picha wake alikuwa Gordon Willis. Filamu inaanza siku ambayo mzee Corleone, mkuu wa genge la wahalifu, anamwoza binti yake. Huko bustanini ni jua, muziki, watoto wanakimbia, nguo nyeupe zinawaka, mwanga ni wa shughuli hasa, ule niliokuwa nikiubeba mimi begani. Lakini sisi tunaanzia ndani, ofisini, ambako mapazia yamefungwa na mzee anapokea maombi ya watu. Uso wa mwombaji unatokea kwenye weusi mtupu, na kamera inarudi nyuma polepole mno mpaka tuone bega la anayeombwa. Willis aliweka taa juu, karibu moja kwa moja utosini. Alieleza baadaye kwamba alianza na shida ya kawaida ya fundi: Marlon Brando, aliyemwigiza mzee huyo, alikuwa bado hajazeeka, alipakwa vipodozi vizito vya kumzeesha, na mwanga wa kutoka juu ndio uliovifaa. Lakini mwanga wa juu una tabia: nyusi zinatia kivuli kwenye matundu ya macho. Mzee anaongea, anapapasa paka, na huoni macho yake. Humjui anawaza nini. Wapo wakubwa wa studio waliolalamika, maana kanuni ya Hollywood wakati huo ilikuwa nyota amulikwe mpaka macho yake yaonekane.

Ningependa uangalie jambo moja hapo. Giza la ofisi ile halitishi lenyewe. Ofisi ngapi zina mapazia mazito? Linatisha kwa sababu kila baada ya muda tunarudishwa bustanini, juani, tukaona keki na ngoma, halafu tunaingizwa tena ndani. Nyumba moja, siku moja, mianga miwili, na wanaume wa familia ile wanapita kutoka mmoja kwenda mwingine kana kwamba wanavuka mpaka. Ukiiondoa harusi, umebaki na mzee amekaa gizani na paka.

Mfano mwingine ninaotaka uutazame kabla hujarudi kazini ni wa Ujerumani, filamu iitwayo M, ya Fritz Lang, mwaka 1931, kwa sababu nao una mama anayesubiri mtoto. Mama anaandaa chakula cha mchana Berlin, anaangalia saa, anachungulia ngazi. Binti yake anatoka shule akidundisha mpira kwenye nguzo ya matangazo, na juu ya nguzo kuna tangazo la zawadi kwa atakayemkamata muuaji wa watoto. Kivuli cha mwanamume mwenye kofia kinaingia juu ya tangazo lile, kinainama, sauti inamsemesha mtoto kwa upole. Basi. Baadaye tunaona sahani tupu, mpira unabingirika kwenye nyasi, puto limenasa kwenye nyaya za simu. Ni mchana kweupe, dada. Hakuna bluu wala taa ya chini. Kuna kivuli kimoja, kimeangukia kwenye maneno yanayokifaa. Mpiga picha, Fritz Arno Wagner, miaka tisa kabla alikuwa amepiga filamu ya Nosferatu, ambamo kivuli cha mnyonya damu kinapanda ngazi, kwa hiyo vivuli alivijua vizuri. Hapa akatumia kimoja tu.

Haya, turudi Tanga, chumbani mwa mama.

Ninaposema kuta za Tanga nafikiria chokaa nyeupe. Ukuta mweupe ni taa ya pili ambayo hukuiwasha: kila mwanga unaoufikia unaurudisha, na ndio uliojaza vivuli vyako vyote mara ya kwanza. Azima mabuibui mawili matatu, yatundike upande wa uso usiomulikwa, nje ya fremu tu. Cheusi kinameza mwanga. Utaona shavu la upande ule linazama mbele ya macho yako, na hakuna hata shilingi iliyotoka. Kama upande mmoja wa uso unapata mwanga mara mbili ya mwingine, hiyo ni taarifa ya habari au vichekesho. Ukifika mara nane, tumeingia usiku.

Halafu chemli. Ile filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1975, Barry Lyndon, ilikuwa na matukio yaliyopigwa kwa mishumaa mitupu, lakini yeye na mpiga picha wake John Alcott walikuwa na lenzi za Zeiss za f/0.7, zinazopokea mwanga mwingi mno, zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani. Sisi tuna simu. Kwa hiyo tutadanganya. Punguza utambi mpaka mwali uwe mdogo, usije ukaunguza picha kwa weupe. Nyuma ya chemli, upande usioonekana na kamera, ficha balbu ndogo ya rangi ya joto, ile iliyoandikwa 2,700 (ni kipimo cha rangi ya mwanga, nitakieleza mbele), ipunguzwe nguvu kwa kitambaa cha pamba kilichokaa mbali nayo kidogo. Mtazamaji ataona mwali na atauamini, huku uso wa mama ukimulikwa na balbu. Kioo cha chemli kikiwa na masizi upande wa kamera, bora zaidi, usikisafishe. (Chandarua na mafuta ya taa visikae karibu, na ndoo ya mchanga iwepo. Si utani.)

Chemli iweke karibu na uso, kama nusu mita hivi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: unachokipata kwenye mita moja, kwenye mita mbili kinabaki robo, kwenye mita tatu ni moja ya tisa. Maana yake ukiwa na chanzo kidogo kilicho karibu, uso unawaka na mlango ulio mita tatu nyuma unazama wenyewe, bila wewe kufanya lolote. Na mlango ule ndio ambao mwana anapaswa kuingilia. Nisingeumulika kabisa. Mama akigeuza shingo kuutazama, uso wake unatoka kwenye nuru unaingia gizani, na hapo hatahitaji kusema "Mbona amechelewa?" Kama sentensi hiyo imo kwenye hati yako, ifute.

Sasa ngozi, maana najua hili ndilo lililokuuma zaidi. Kosa halikuwa lako peke yako. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipima mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Uso wake ukitoka vizuri, mtambo uko sawa, na wengine wote tukatoka tulivyotoka. Miongoni mwa malalamiko yaliyosaidia filamu ziboreshwe yalikuwa ya wenye chokoleti na wenye fanicha za mbao, ambao rangi zao za kahawia zilikuwa hazitofautiani pichani. Chokoleti ilitutetea, tuishukuru.

Mazoea yaliyotokana na enzi ile bado yapo: mtu akionekana mweusi, ongeza taa. Ukiongeza taa kutoka mbele unapata uso wa kijivu na ukuta uliokauka kwa weupe, na usiku umekufa. Ngozi nyeusi inajieleza kwa mng'ao. Inaakisi umbo la taa kama meza iliyopigwa vanishi inavyoakisi dirisha. Kwa hiyo ipe dirisha la kuakisi: kitu kipana, laini, kilichokaa ubavuni na nyuma kidogo, hata kama ni hafifu. Shuka jeupe lililomulikwa kwa taa moja linatosha. Utaona mstari wa nuru unashuka kwenye mfupa wa shavu, taya na bega, na sura nzima imesomeka bila ya chumba kuwa cheupe. Na poda weka kando. Kwenye filamu ya Moonlight ya mwaka 2016, Barry Jenkins na mpiga picha wake James Laxton walitaka ngozi za waigizaji wao zing'ae kama zinavyong'aa kwa joto la Miami, basi wakapaka mafuta badala ya poda. Tanga ina joto lake la bure. Mpake mama mafuta ya nazi kidogo, afanane na mtu aliyekaa chumbani usiku feni haizunguki.

Angalia pia kilicho nyuma yake. Filamu yangu ya kwanza nilimsimamisha mzee mmoja mbele ya kabati la mninga, usiku, na koti jeusi. Kwenye kioo cha kamera tulimwona vizuri, au tulidhani tunamwona kwa kuwa tulijua yuko pale. Siku ya kuonyesha, kwenye projekta, ilibaki kola nyeupe ya shati inayozungumza. Ukumbi mzima ulicheka kwenye kifo cha mkewe. Tangu hapo kila mtu mweusi ninayempiga picha usiku lazima nyuma yake kuwe na kitu kilicho hafifu lakini chenye nuru kuliko nywele zake: kipande cha ukuta, pazia, mwanga wa nje unaopita kwenye nondo za dirisha. Ukitaka miale ya dirishani ionekane hewani, fukiza ubani dakika chache kabla, funga mlango, moshi utulie. Hollywood walihangaika na hili pia. Mwaka 1944, kwenye filamu ya Double Indemnity, mpiga picha John Seitz alikuwa akizipuliza chembe za alumini hewani kabla ya kurekodi ili zionekane kama vumbi kwenye miale ya jua. Wewe fukiza ubani, na chumba kitanukia.

Usije ukaniuliza kuhusu mvua kwenye kioo. Najua umefundishwa: filamu ya In Cold Blood, mwaka 1967, mfungwa anayesubiri kunyongwa anasimama dirishani akimzungumzia baba yake, mvua inateleza kwenye kioo, na vivuli vya maji vinashuka mashavuni kama machozi ambayo yeye halii. Mpiga picha wake, Conrad Hall, aliliona hilo kwa bahati wakati wa kupanga taa. Ni zuri mno, na ndiyo sababu kila mwanafunzi analiiga, kwa hiyo sasa likitokea tunamwona mwanafunzi badala ya mfungwa.

Lako lipo tayari ndani ya hadithi yako mwenyewe, na sidhani kama umeliona. Jirani anakuja gizani. Anamulika njia kwa nini? Kwa tochi ya simu. Mwanga una joto la rangi linalopimwa kwa Kelvin: mwali wa chemli ni kama 1,900, jua la mchana kama 5,600, na tochi za simu huangukia huko juu, pamoja na zile balbu nyeupe za kubana matumizi zilizojaa majumbani mwetu, zinazoandikwa 6,500. Hapo lugha yetu inachanganya kidogo, maana namba ikipanda ndipo tunaposema mwanga ni wa baridi. Ukiifunga mizani ya weupe ya simu yako kwenye 3,200 hivi, chemli itabaki ya rangi ya asali, na tochi ya jirani itaingia ikiwa na ubluu. Basi bluu yako utaipata, bila karatasi ya rangi, na itaingia pamoja na habari. Mara ya kwanza tuione chini ya mlango, mstari mwembamba sakafuni. Mama anadhani ni mwanawe. Mlango unafunguliwa, tochi inampiga usoni kutoka usawa wa kiuno, mwanga mgumu, wa chini, na jirani mwenyewe hatumwoni, ni umbo jeusi nyuma ya nuru. Mtu mwenye habari mbaya husahau kushusha tochi. Mwache asahau.

Nikiwa mimi ningeongeza kitu kimoja, ukikikataa sitanuna, filamu ni yako. Baada ya jirani kusema, kabla mama hajatoa sauti yoyote, umeme urudi.

Unajua inavyokuwa. Mtaa mzima unapiga kelele "Umeeeme!", watoto wanashangilia, redio ya mtu inaanza katikati ya wimbo, feni inajikokota. Na juu ya kichwa cha mama ile balbu nyeupe ya 6,500 inawaka, mwanga bapa, umejaa kila kona, kuta za chokaa zinaurudisha, hakuna kivuli kilichobaki. Ondoa mabuibui yote kabla ya hapo. Tunaiona meza, sahani iliyofunikwa kawa, kanda mbili za kijana kando ya mlango, jirani ambaye kumbe naye analia. Ni ule mwanga wako wa kwanza, dada, ule walioucheka. Urekodi vilevile ulivyokuwa, usiulainishe. Isipokuwa taa ya juu ya simu, hiyo ing'oe. Kaa na uso wa mama kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unaweza.

Na mtu yeyote asiizime chemli. Iendelee kuwaka pale mezani, mwali wake hauonekani vizuri tena.